Kutoka "akaenda" hadi "anakwenda": mwongozo kamili wa msimulizi anayetaka kuandika filamu

Wapo watu ambao tangu utotoni hawawezi kueleza hata safari ya kuchota maji bila kuigeuza kisa. Ukiwa mmoja wao, umeshaambiwa mara nyingi "wewe una maneno," na siku moja ukatazama filamu mbovu ukajisemea kuwa hata wewe ungeweza. Pengine ungeweza. Ila kuna jambo ambalo hakuna aliyeniambia mapema, nami nikalilipia kwa skripti ya kwanza yenye kurasa 163: kipaji cha kusimulia ndicho kitakachokufikisha kwenye uandishi wa filamu, na ndicho hicho kitakachokuangusha ukishafika.

Sababu yake imo kwenye sarufi yetu. Msimulizi hutembea na -ka-: akaamka, akatoka, akakuta mlango u wazi, akaogopa. Kiambishi hicho ni mkokoteni, hubeba chochote utakachopakia, na sauti ya msimulizi ndiyo inayousukuma. Skripti huandikwa kwa -na-: anaamka, anatoka, mlango u wazi. Lile "akaogopa" halina pa kukaa, maana kamera haiwezi kupiga picha ya woga. Hupiga picha ya mkono uliosita kwenye kitasa. Hatua zinazofuata ni za kumvusha msimulizi kutoka upande ule hadi huu.

Hatua ya 1: Jua unabeba nini, unaacha nini

Simulia kisa chochote kwa mtu mmoja, dakika tano, ukijirekodi kwa simu. Baadaye sikiliza, uandike mahali alipocheka, alipouliza "ehe?", na alipoanza kuangalia pembeni. Hizo "ehe" ndizo mtaji wako. Kujua lini ucheleweshe habari na lini uiachie, yaani kuisuka taharuki, ni jambo ambalo wengine hulisomea miaka, na wewe huenda ulilipata ukiwa na miaka saba.

Sasa rudia kisa hichohicho bila kutaja hisia wala wazo lolote la mtu. Hakuna "alihuzunika," hakuna "moyoni alijua." Sema tu kinachoonekana na kinachosikika. Utakwama kabla ya dakika ya pili. Usikate tamaa, umekutana na kazi yenyewe.

Kama unahisi umechelewa kuanza, mkumbuke Ousmane Sembène. Alizaliwa Senegal mwaka 1923, akawa kuli bandarini Marseille, akachapisha riwaya yake ya kwanza mwaka 1956. Alipotambua kuwa wengi aliotaka kuwafikia hawasomi vitabu, alikwenda Moscow kujifunza filamu, na filamu yake fupi ya kwanza kama mwongozaji ilitoka mwaka 1963. Alikuwa na miaka 40, na mkononi ana riwaya kadhaa ambazo hazikumsamehe kujifunza upya.

Hatua ya 2: Soma skripti, usitazame filamu tu

Anayetaka kuwa fundi wa nyumba haishii kukaa sebuleni akisifia dari. Tafuta skripti kwenye intaneti. Kila msimu wa tuzo kubwa, kampuni nyingi za filamu huweka wazi skripti za filamu zinazoshindania tuzo, bure. Soma moja kwanza, kisha itazame filamu yake, kisha isome tena. Angalia yaliyokuwa kwenye karatasi na hayakufika kwenye skrini. Hapo utajifunza kukata.

Zoezi la pili ni la kuchosha, ndiyo maana wengi hulikwepa. Chukua filamu unayoipenda na uandike mstari mmoja kwa kila sini, yaani kila kipande kinachotokea mahali pamoja kwa wakati mmoja. Filamu ndefu mara nyingi itakupa kati ya sini 40 na 60. Ukimaliza, umeshika mifupa yake mkononi. Fanya hivyo kwa filamu tatu, na moja kati yake iwe mbaya. Filamu mbaya hufundisha haraka zaidi, kwa kuwa unaona wazi ni mstari wa ngapi mtu alilala usingizi.

Hatua ya 3: Ikamate hadithi kwa sentensi moja

Msimulizi huchukia hatua hii. "Hadithi yangu haiwezi kufupishwa." Nami nilisema hivyo, kwa kurasa 163.

Sentensi inahitaji mtu, kitu anachokitaka au kulazimika kukifanya, kinachomzuia, na kinaya, yaani ule mgongano unaofanya msikilizaji ainue kichwa. Tuseme wazo lako ni "mzee bahili aliyekimbiwa na mkewe." Hiyo bado ni hali tu. Jaribu hivi: Mzee asiyemwamini mtu tangu mkewe amkimbie ana siku saba za kuamua kama atampa binti yake akiba ya maisha yake yote, baada ya kugundua kuwa fedha hizo ni za kumtibu mke yuleyule.

Ona jinsi mwisho wa sentensi unavyougeukia mwanzo wake. Kosa la mzee na jaribio lake vimetoka tumbo moja. Ukiwa na sentensi ya namna hiyo, isome kwa watu watano usiowapikia maneno. Wakisema "nzuri," iko hatarini. Wakiuliza "sasa akafanyaje?", endelea.

Hatua ya 4: Jenga mifupa kabla ya nyama

Mgawanyo unaotumika sana ni wa sehemu tatu: robo ya kwanza ya kuingiza mhusika matatani, nusu ya katikati ya kumbana, robo ya mwisho ya kilele na matokeo. Kwa skripti ya kurasa 100, mlango wa kurudi nyumbani unapaswa kufungwa karibu na ukurasa wa 25. Kwa Mzee Shomari (ndivyo tutakavyomwita) hapo ndipo anapojua fedha ni za nani.

Ila katikati ni pana mno, na humo ndimo waandishi wengi hupotea. Mimi huigawa filamu katika vipande vinane vya dakika kumi na kitu. Kipimo hicho kinakaribiana na reli za filamu za zamani, yaani magurudumu yaliyozungushiwa utepe wa picha: utepe wa filamu ya milimita 35 wenye futi 1,000 ulichukua kama dakika 11 za picha. Kipe kila kipande swali lake dogo. Je, mzee atamfukuza binti? Je, atakwenda kumwona mkewe kwa siri? Swali moja likijibiwa, jibu lizae lingine.

Hapa ndipo -ka- inapokuwa adui wa kweli. Andika sini zako kwenye vipande vya karatasi, moja kwa kila kipande, vitandaze sakafuni, kisha jiulize kati ya kipande na kipande: neno gani linaviunga? Likiwa "halafu," una tatizo. Binti akafika, halafu wakanywa chai, halafu jirani akaja. Mkokoteni unaenda, lakini hakuna kinachousukuma isipokuwa sauti yako, na sauti yako haitakuwepo ukumbini. Tafuta "kwa hiyo" na "lakini." Binti anafika kuomba fedha, lakini hasemi ni za nani, kwa hiyo mzee anapekua begi lake, lakini ndani anakuta picha aliyoichoma mwenyewe miaka 20 iliyopita. Sini isiyounganika na jirani yake kwa mojawapo ya maneno hayo, itoe, hata kama ndiyo uipendayo kuliko zote. Hasa kama ndiyo uipendayo.

Kuhusu kisengere nyuma, yaani kurudi kwenye matukio yaliyopita: kitumie kwa uchache. Msimulizi hukikimbilia kwa mazoea, kwa kuwa kwenye hadithi kinasema "ngoja nikueleze." Kwenye filamu kinasimamisha safari ili kutoa maelezo, na abiria huanza kutazama saa.

Hatua ya 5: Jifunze umbo la ukurasa

Umbo la skripti halina ushairi, lakini lina faida: wote watakaoisoma, kuanzia mtayarishaji hadi mpiga picha, hulitumia kupima muda na gharama. Tumia herufi za Courier ukubwa wa 12, ukingo wa kushoto wa inchi 1.5 na wa kulia kama inchi 1. Kwa umbo hilo ukurasa mmoja hukaribia dakika moja ya filamu. Ndiyo maana filamu ndefu huwa na kurasa 90 hadi 120, na ndiyo maana kurasa zangu 163 zilirudishwa na mtayarishaji ambaye, nilivyokuja kujua, aliangalia namba ya ukurasa wa mwisho tu.

Kila sini huanza na kichwa kinachosema ndani au nje, mahali, na wakati. Skripti za Kiingereza huandika INT. na EXT.; kwa Kiswahili NDANI na NJE zinatosha. Jina la mhusika huandikwa kwa herufi kubwa anapotokea mara ya kwanza, na tena juu ya kila anachosema. Maelezo yawe mafupi, mistari mitatu au minne kwa aya.

Programu zipo. Final Draft ni ya kulipia na imezoeleka sana kwenye kampuni kubwa. Trelby ni ya bure. WriterDuet hukuruhusu kuandika na mwenzako mkiwa mbalimbali. Ukiwa na simu au kompyuta dhaifu, jifunze Fountain, utaratibu uliotangazwa mwaka 2012 wa kuandika skripti kwa maandishi ya kawaida ambayo programu nyingine huyapanga baadaye. Usitumie wiki nzima kuchagua. Huo ni uvivu uliovaa suti.

Sasa tuone kazi yenyewe. Msimulizi angesema: "Mzee Shomari alikuwa mtu wa kujinyima, hakumwamini yeyote tangu mkewe amkimbie, hata binti yake wa kumzaa." Mwandishi wa filamu anaandika:

NDANI. JIKONI KWA MZEE SHOMARI. ASUBUHI

MZEE SHOMARI, 68, shati limefungwa vifungo hadi shingoni, anamimina chai kwenye vikombe viwili. REHEMA, 30, binti yake, ameketi karibu na mlango, begi la safari likiwa mapajani.

Mzee anampa mgongo. Anavuta uzi shingoni. Mwisho wa uzi kuna ufunguo. Kwenye rafu, kopo la sukari limefungwa kwa kufuli.

REHEMA
Hata kwangu, baba?

Kufuli linafunguka. Kijiko kimoja. Nusu. Kufuli linafungwa.

MZEE SHOMARI
Sisimizi hawapigi hodi.

Ukutani, juu ya kichwa chake, msumari mtupu. Chini yake rangi imebaki mpya, kwa umbo la fremu ya picha.

Hakuna aliyetaja ubahili wala mke. Kufuli limeutaja ubahili, msumari umemtaja mke. Tena tumepanda mbegu: siku ufunguo ule utakapoachwa mezani bila neno, mtazamaji ataelewa yote. Kitu kidogo kinachorudi mara tatu, kila mara na maana mpya, kina nguvu kuliko hotuba. Kila mhusika mkuu mtafutie kufuli lake.

Hatua ya 6: Mazungumzo yasiseme yote

Rehema hakuuliza "kwa nini huniamini?" na mzee hakujibu "kwa sababu mama yako alinitenda." Watu waliojeruhiana huzungumzia sukari. Kiswahili kimetupa hazina hapa, maana sisi ni mabingwa wa mafumbo na kusema pembeni. Ajabu ni kwamba tukishika kalamu wahusika wetu huanza kuzungumza kama wanahutubia.

Jihadhari na salamu. Shikamoo, marahaba, habari za huko, nzuri, watoto hawajambo: nusu ukurasa imekwenda, nusu dakika ya filamu, na hakuna kilichotokea. Ingia kwenye sini watu wakiwa wameshaketi, na utoke kabla hawajaagana. Salamu ibaki pale tu inapofanya kazi. Shikamoo isiyoitikiwa ni sini nzima peke yake.

Kila mmoja awe na kinywa chake. Ziba majina kwenye ukurasa, mpe mtu asome. Asipoweza kujua nani anasema, wote wanasema kama wewe. Mmoja anajibu swali kwa swali, mwingine hamalizi sentensi, wa tatu anasema Kiswahili cha redioni hata akigombana na fundi bomba. Kisha soma yote kwa sauti. Ulimi ukijikwaa, wa mwigizaji utajikwaa pia.

Hatua ya 7: Andika rasimu ya kwanza bila kugeuka nyuma

Anza na filamu fupi ya kurasa tano hadi kumi kabla ya ndefu. Itakufundisha karibu kila kitu kwa mwezi mmoja, na kuna uwezekano wa kweli ikapigwa picha.

Ukija kwenye ndefu, hesabu ni rahisi: kurasa tatu kwa siku ni kurasa 90 kwa siku 30. Kurasa tatu za skripti zina maneno machache. Saa moja na nusu inatosha kama sini za siku ziko kwenye vipande vyako vya karatasi. Usisome ulichoandika jana zaidi ya ukurasa wa mwisho. Rasimu ya kwanza itakuwa mbovu, na ubovu wake ni mali yako, kwa kuwa sasa una kitu cha kurekebisha.

Hatua ya 8: Andika upya, na tena

Ifungie wiki mbili. Kisha isome kwa mkupuo mmoja bila kalamu, kama mgeni. Baada ya hapo pita mara kadhaa, kila mara ukiwinda kitu kimoja. Mzunguko wa kwanza uwe wa msuko: sini ipi haibadilishi chochote? Wa pili uwe wa mhusika mkuu, uhesabu mara anazoamua jambo mwenyewe na mara anazotendewa tu; akitendewa zaidi, filamu inamkokota. Mzunguko wa tatu uwe wa kuwinda -ka- zilizojificha na maneno kama "anafikiri," "anakumbuka," "anahisi," na kila unapolikuta moja utafute tendo la kulishika nafasi. Mazungumzo yaje mwisho, kwa sababu hakuna maana ya kung'arisha maneno ya sini utakayoifuta.

Kisha kusanya marafiki, gawa nafasi, wasome skripti kwa sauti mbele yako. Mtu mmoja asome maelezo ya sini. Wewe nyamaza. Hii ndiyo adhabu kubwa ya msimulizi: kuona mtu hajaelewa na kutoruhusiwa kusema "hapana, maana yake ni kwamba..." Kila unapotaka kufungua mdomo, weka alama ukingoni. Rasimu yangu ya pili ilikuwa na alama 41. Zote zilikuwa mahali nilipotegemea sauti yangu.

Wakikupa maoni, waamini kuhusu mahali palipouma, usiwaamini haraka kuhusu dawa. Watatu wakilalamikia ukurasa wa 60, huenda ugonjwa uko ukurasa wa 20.

Hatua ya 9: Linda kazi yako kwa akili timamu

Hofu ya kuibiwa wazo imewafungia wengi ndani. Chini ya Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ambao nchi nyingi duniani ni wanachama wake, haki ya mwandishi huanza pale kazi inapoandikwa, bila sharti la kuisajili. Lakini haki hiyo hulinda namna ulivyoliandika wazo, si wazo lenyewe. "Mzee bahili na mke aliyemkimbia" ni mali ya kila mtu. Kurasa zako 100 ni zako. Kwa hiyo andika kwanza, ndipo usambaze. Tunza rasimu zote zikiwa na tarehe, jitumie kwa barua pepe, na usajili kwenye ofisi ya hakimiliki ya nchi yako kama ipo, maana ushahidi huokoa muda siku ya ugomvi.

Usikubali kazi kwa mdomo, hata kwa rafiki. Hasa kwa rafiki. Mkataba useme malipo yanatoka lini, utaandika upya mara ngapi kabla ya kulipwa zaidi, na jina lako litaandikwaje. Mtayarishaji anaweza kulipia haki ya kuishikilia skripti kwa muda, tuseme mwaka mmoja, bila kuinunua. Muda ukiisha bila kununuliwa, irudi kwako, na hilo liandikwe. Kuhusu jina, hata alama ndogo ina uzito: kwenye filamu zinazofuata kanuni za chama cha waandishi wa Marekani, majina mawili yaliyounganishwa kwa "&" ni ya watu walioandika pamoja, na yaliyounganishwa kwa "and" ni ya walioandika kila mmoja kwa wakati wake.

Akili bandia nayo iwekewe kifungu. Mgomo wa waandishi hao mwaka 2023, uliodumu siku 148, ulimalizika kwa makubaliano ambayo miongoni mwa mambo mengine yanakataa maandishi ya mashine kuhesabiwa kuwa kazi ya mwandishi. Kama hauko chini ya chama chochote, mkataba wako ndio chama chako.

Hatua ya 10: Itoe nje

Njia fupi kuliko zote ni kumtafuta mwongozaji chipukizi ambaye ana kamera na hana hadithi. Wapo wengi, na wanahangaika kama wewe. Mpe skripti ya kurasa saba yenye mahali pawili na waigizaji watatu, iwezekane kupigwa kwa siku mbili. Nenda ukae pembeni siku ya kupiga picha. Utaona mwigizaji akikata mistari yako minne kwa kutazama tu, na utarudi nyumbani kukata mingine.

Mashindano na maabara za uandishi (warsha za kuinoa skripti) yana faida yakikupa maoni ya kina au wasomaji wenye nafasi ya kuamua. Soma masharti ya lugha, ada, na haki unazoachia kabla ya kutuma. Black List, iliyoanzishwa na Franklin Leonard mwaka 2005 kama orodha ya skripti zilizopendwa na watu wa ndani lakini zilikuwa hazijatengenezwa, leo pia huruhusu waandishi kulipia skripti zao zisomwe na kupewa alama. Huko rasimu ya pili ni kutupa fedha. Peleka ya tano.

Ukimwandikia mtayarishaji, barua iwe na aya tatu: ile sentensi yako moja, wewe ni nani kwa mistari miwili, na kwa nini umemchagua yeye na si mwingine. Usiambatishe skripti kabla hajaiomba. Asipojibu kwa wiki nne, mkumbushe mara moja kwa mstari mmoja, kisha mwache. Wakati huo uwe umeshaanza sentensi ya skripti nyingine, kwa kuwa swali la kwanza atakalokuuliza akiipenda hii ni: una nini kingine?